Mtungi Uliokataa Kukauka

Mbao iliyokatwa haiongezeki uzito. Hupungua wiki kwa wiki kadiri maji yanavyotoka, mpaka ifike mahali ikatae kupungua zaidi, na hapo imekauka. Kwa hiyo Alhamisi ile ya mwisho wa Oktoba, nilipouweka mtungi wa Merv kwenye mizani nikaona namba imepanda, sikusema ni ajabu. Nilisema moyoni, hapa pana mkono wa mtu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu. Nilipima malori ya ngano kwenye ghala la reli la Narrogin, mji wetu mdogo wa wakulima, kwa miaka thelathini na moja. Nimewaona wakulima wanaolowanisha turubai. Nimewaona wanaopanda mizani na mbwa wawili na shemeji mnene ndani ya lori lililojaa, kisha wote wanashuka kunyoosha miguu lori likipimwa tupu. Sikumpunguzia mtu wala kumwongezea. Kaka yangu mwenyewe nilimkatalia, naye akaninyima salamu kwa Krismasi mbili. Hata sasa nimestaafu, wenzangu kwenye banda la ukerezaji wananiita Bibi Mizani, na wanadhani ninachukia.

Banda letu liko nyuma ya stesheni ya zamani. Tunakutana Jumatatu na Alhamisi, watu tisa, na watano kati yetu tuna funguo. Mti wetu ni mvinje wa huku, ule mfupi unaoota kwenye mawe. Ukiukereza, ndani yake kuna mistari mipana inayong'aa kama lesi juu ya kitambaa chekundu, na mtu anaweza kusahau chakula akiutazama. Lakini ni mti wa ghiliba. Uache juani asubuhi, jioni umepasuka kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Ndiyo maana tunaukereza mara mbili. Mara ya kwanza ukiwa mbichi, tunauacha kuta nene, tunaupaka nta na kuuzika katika mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake mwenyewe. Kila Alhamisi tunaupima na kuandika namba kwa penseli chini ya kitako. Namba ile ile ikitokea mara tatu mfululizo, umekauka, unarudi kwenye mashine kumaliziwa. Kwetu mtu akisema "namba tatu", kila mmoja anaelewa.

Mtungi huu ulikuwa wa majivu, na majivu yenyewe yangekuwa ya Merv Tuckett, mwili wake ukishachomwa kama ilivyo desturi ya wengi huku. Merv ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Alikereza miaka hamsini, mpaka ugonjwa wa ini ulipoanza kumtetemesha mikono. Mwezi Juni dhoruba iliangusha mvinje wa langoni kwake, alioupanda baba yake, na gogo lote likapasuka kabla hatujaligawa, ila kipande kimoja. Merv alikileta bandani amekipakata.

"Glenys," akasema, "nikerezee mtungi. Mimi mwenyewe ndiye nitakayekaa humo, kwa hiyo usiniharakishie kazi."

"Na ukipasuka?"

"Basi nitavuja. Beryl atanizoa kwa ufagio, amezoea."

Wote wakacheka, na Beryl mkewe akampiga kwa mkoba. Mimi nilicheka pia, lakini nilirudi nyumbani nikihesabu. Kipande kilikuwa kimoja. Daktari alikuwa amemwambia Merv asitegemee kuona mwisho wa mavuno ya ngano. Nilikuwa na kazi moja tu duniani: mtungi ule ukauke mzima, na ukauke kabla yake.

Ulianza Julai na gramu elfu mbili mia tatu na kumi. Ukashuka kwa adabu hadi elfu moja mia sita na arobaini. Halafu Alhamisi ile, elfu moja mia sita themanini na tano.

Kwanza nilishuku mizani. Nilichukua pakiti ya sukari ya kilo moja kutoka kwenye kabati la chai, nikaipima. Kilo moja na karatasi yake. Mizani haikuwa na kosa. Nikaingiza mkono ndani ya mtungi. Chini kabisa palikuwa na ubaridi, ule wa kikombe kilichosuuzwa kisha kikafutwa haraka haraka.

Mtu alikuwa anaulowanisha. Na mvinje ukilowa ukakauka, ukalowa tena ukakauka tena, hauvumilii. Afadhali uupige shoka mara moja.

Nani? Sikuhitaji kufikiri sana. Tulikuwa na Mholanzi wetu, Klaas Hoekstra, mrefu, mkimya, aliyehamia kutoka Perth miaka miwili nyuma na mashine ya kukereza yenye thamani kuliko gari langu. Klaas hakuwahi kukubaliana na mifuko yetu ya karatasi. "Mnakausha mbio mno," alikuwa akisema. "Upepo wenu wa mashariki ni oveni. Mvinje unataka nailoni na unyevu." Merv alimjibu mara ngapi kwamba Uholanzi wanakaa chini ya bahari, lazima wapende unyevu! Wawili hao walikuwa wamebishana jambo hilo tangu siku ya kwanza. Sasa nikaona yote. Mtungi wa Merv ukipasuka katika mfuko wa karatasi, Klaas ameshinda ubishi.

Sikumwambia mtu. Siku hiyo nilikunja mdomo wa mfuko mara mbili, nikapitisha unywele wangu mmoja wa mvi kwenye mkunjo, nikaubandika kwa tone la nta. Mwizi siku zake arobaini, na mimi nilikuwa na nywele nyingi.

Jumatatu niliwahi kwa makusudi. Nilipofika, Klaas alikuwa peke yake ndani, amesimama karibu na rafu za kukaushia. Mikono yake ilikuwa mifukoni.

"Umewahi leo," nikamwambia.

"Huwa nawahi kila Jumatatu."

"Unatafuta nini huko rafuni?"

Akanitazama kidogo. "Natazama tu, Glenys. Kutazama nako kunahitaji kibali?"

Alipokwenda kuwasha mashine yake nikaukagua mfuko. Unywele ulikuwa umekatika.

Alhamisi mtungi ulikuwa elfu moja mia saba na mbili. Wiki iliyofuata, mia saba na kumi. Na kwenye mdomo wa mtungi, upande ule wenye lesi nzuri kuliko zote, palikuwa na ufa. Mwembamba, urefu wa ukucha. Merv alikuwa ameketi kwenye kiti chake kile kile kando ya rafu, blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto la kuyeyusha nta, chupa yake ya maji ya kumezea dawa mkononi. Ngozi yake ilikuwa imeanza kugeuka manjano.

"Unasemaje mtungi wangu?" akauliza.

"Una ukaidi kama mwenyewe," nikasema, na sikumwonyesha ufa.

Saa nne tulitoka barazani kunywa chai. Beryl alikuwa ameleta keki za lamington, zile za chokoleti na nazi. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Mfupi kwa sababu ana futi sita na nusu, alikuwa anasimulia habari za mpira. Nilisimama, nikaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Kuna mtu anautia maji mtungi wa Merv."

Inzi tu ndio walioendelea na keki.

"Nimepima. Unapanda wiki ya tatu sasa, na umepata ufa. Mfuko unafunguliwa Jumatatu asubuhi, na Jumatatu asubuhi mle ndani huwa na mtu mmoja." Nikamgeukia. "Klaas, ulipenda sana kuwa sahihi kiasi hiki? Mtu anakufa, na wewe unashindana naye?"

"Glenys, taratibu mama," Mfupi akasema.

"Taratibu ya nini? Aseme basi! Aseme hakuugusa mfuko!"

Klaas alikuwa ameweka sahani ya keki gotini. Aliiweka mezani kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. Hakunitazama mimi. Alimtazama Merv, muda mrefu, na mimi nikasema moyoni, anaona aibu, na aione.

"Niliugusa," akasema.

"Haya, mmesikia!"

Alitoa ufunguo wa banda kwenye mnyororo wake, ukamchukua muda kutoka, akauacha kando ya sukari. Kisha akaingia kwenye pikapu yake na kuondoka. Hakuna aliyemwita. Merv alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

"Ungemwacha, Glen," akasema polepole.

"Wewe una roho nzuri mno, ndiyo shida yako," nikamjibu.

Wiki hiyo nilitembea mjini nimeinua kichwa. Alhamisi iliyofuata mtungi ulishuka, mia sita na tisini. Niliwaonyesha wote namba, mmoja mmoja. "Mnaona? Mkono umeondoka, maji yameondoka." Mfupi alisema "Hmm," na nikamshuku naye kidogo kwa ile "hmm".

Alhamisi ya pili, mia saba ishirini.

Nilipima mara nne. Nilipima sukari. Nilikaa chini kwenye boksi la magogo, maana Klaas alikuwa hajakanyaga bandani siku kumi na nne na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimevua nguo ya mtu mwingine mbele za watu.

Kwa hiyo nikaanza kuwashuku wote. Mfupi, aliyetaka tangu zamani kuniondoa kwenye mizani. Beryl, ambaye labda hakutaka kuona mtungi mezani kwake. Siku hiyo hiyo, saa nne, wote walipotoka kwa chai nilisema nakwenda chooni. Nilizunguka nyuma, nikaingia chumba cha rangi, nikasimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na saba, nachungulia kwenye mwanya kama mwizi wa kuku.

Merv alikuwa hajatoka. Siku hizo chai alikuwa anapelekewa. Nilimwona ameshika rafu kwa mkono mmoja, anajiinua kutoka kwenye kiti, anapumzika, anajiinua tena. Alifungua mfuko. Alitoa mtungi, akaukumbatia kifuani kwa ule mkono unaotetemeka, na kwa meno yake akafungua chupa ya maji ya dawa. Akamimina. Akauzungusha mtungi taratibu, kama mtu anayesuuza kikombe cha mgeni, maji yaliyobaki akayamwaga kwenye boksi la maranda, akafuta ndani kwa kiganja. Alifanya yote kwa ustadi. Miaka hamsini ya kushika mbao haiondoki mikononi hata ikitetemeka.

Mlango ulilia. Aligeuka.

Tulitazamana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na haikuja.

"Merv," nikasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba maji yanaupasua."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alijaribu kutabasamu, akaacha. "Namba tatu, Glen. Ukipata namba tatu unaumalizia. Ukiumalizia nitakuwa nimebakiza nini tena?" Alikaa chini, mtungi mapajani. "Nimewachekesha miezi mitano kuhusu huu mtungi. Beryl anadhani mimi ni shujaa. Mimi naogopa. Naogopa mpaka usiku nauma shuka asinisikie."

Nilichukua mtungi, nikaukausha kwa aproni yangu kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilitaka kumshika mkono na sikumshika. Sisi huku hatujui sana mambo hayo. Nikamwuliza tu kama anataka chai yake iwe na maziwa, na akasema ndiyo, kana kwamba nilikuwa sijui miaka yote hiyo.

Mchana nilikwenda kwa Klaas. Alikuwa anamwagilia nyanya. Nilibaki nje ya geti.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. "Si wewe. Ni..."

"Ni Merv. Najua."

"Unajua?"

"Nilimwona mwanzo wa Oktoba, alipokuwa bado anatia matone tu. Alikuwa hajui kwamba niko nyuma ya mashine ya msumeno."

"Sasa mbona ulinyamaza, mtu wewe! Nilikuaibisha mbele ya banda zima!"

Alifunga bomba. "Ningesema nini? Ungemsimamisha yeye mbele ya keki kama ulivyonisimamisha mimi. Ungesoma namba, Glenys. Wewe ukishakuwa na namba husimami."

Ilikuwa kweli, na iliniuma kuliko tusi.

"Lakini ulisema uliugusa."

"Niliugusa. Kila Jumatatu niliufunga kwa nailoni ndani ya mfuko, na kila Jumatano jioni niliutoa. Alikuwa anautia maji mengi. Ungekauka kwa upepo huu, ungepasuka vipande viwili. Nilijaribu kuupunguzia kasi." Akakuna shingo. "Ule ufa ulitokea juma nililokwenda Perth kwa daktari wa meno. Si mrefu. Ukikata mdomo vidole viwili, umekwisha."

Kumbe nilikuwa nimemfukuza mtu pekee aliyekuwa akiuokoa. Nilitoa ufunguo mfukoni nikamkabidhi juu ya geti. Akaupokea, akanipa nyanya tatu.

Alhamisi iliyofuata Klaas alirudi, na niliposimama kuwaeleza wenzangu kwamba nilimsingizia, Mfupi alitaka kujua basi ni nani. Nikasema, "Ni unyevu wa rafu." Wakatazamana. Walikuwa wananijua, na walijua rafu haina unyevu, lakini hakuna aliyeuliza la pili. Mimi na Klaas tulikubaliana kwamba Merv akiutia maji, autie. Klaas angeufunga nailoni, mimi ningeandika namba kwenye kitako na kukaa kimya.

Lakini maji hayakuja tena. Mtungi ulishuka wiki kwa wiki, mia sita na hamsini, mia sita na kumi, mia tano na tisini na sita. Nilidhani amekosa nguvu za kusimama. Alikuwa anakuja kwa kiti cha magurudumu sasa, amepungua mpaka kofia yake ilimshukia masikioni. Nje, malori ya ngano yalikuwa yanapita kwenda ghalani mchana kutwa. Mia tano na themanini na nane. Wiki iliyofuata, mia tano na themanini na nane.

Wiki ya tatu wote walikuja kusimama karibu na mizani, hata ambao si kawaida yao. Beryl alishika mpini wa kiti. Niliuweka mtungi. Namba zikachezacheza, zikatulia.

Elfu moja mia tano na themanini na nane.

Nilimtazama Merv usoni. Midomo yake ilikuwa mikavu na macho yameingia ndani, na nilimwona akiitazama mikono yangu, si mizani. Miaka thelathini na moja sikumwongezea mtu hata gramu.

"Elfu moja mia sita na tano," nikasema. "Bado."

Mfupi aliinama kutazama, na Klaas akaingiza bega lake kubwa kati yake na mizani.

"Mia sita na tano," Klaas akasema. "Naona mimi pia. Bado mbichi huu. Mwezi mmoja mwingine, labda miwili."

Merv alikuwa anatutazama sisi wawili, kwanza mimi, kisha Mholanzi, na polepole uso wake ukalegea. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba Klaas alijua siku zote.

"Glen," akasema. Ilibidi niiname kumsikia. "Sijautia maji tangu siku ile. Soma vizuri."

Beryl akauliza, "Maji gani?"

Nikafuta macho kwa aproni. Nikasoma vizuri, namba yote, kwa sauti ya ghalani, kama nilivyowasomea madereva maisha yangu yote. Kisha nikaugeuza mtungi na kuiandika chini ya zile mbili.

"Haya," Merv akasema. "Klaas, nisogeze karibu, nataka kuona kama bibi huyu alinisikiliza hata siku moja. Na wewe Glen, anzia mdomoni, na usibane patasi namna ile."

Nikaufunga mtungi kwenye mashine, nikawasha.